Sanrufu ikivuja usikimbilie silikoni, anza na mirija

Nianze na hili maana ndo linalofanya watu wengi waharibu magari yao: ule mpira unaozunguka kioo cha sanrufu (kile kioo cha kwenye paa la gari kinachofunguka) haukuwekwa pale kuzuia maji yote. Yaliyo mengi unayazuia ndio, ila mvua ikishuka ya kweli kuna maji yatapita tu pembeni, na waliotengeneza gari walilijua hilo ndo maana chini ya kioo kuna trei yenye mfereji kuzunguka pande zote, na kwenye kona za trei kuna matundu yanayoshika mirija, kwa gari nyingi minne, miwili inashuka kwenye nguzo za kioo cha mbele na miwili inashuka nyuma. Maji yanaingia kwenye trei, yanafata mrija, yanamwagika chini ya gari, wewe uliekaa ndani hujui kitu. Kwahiyo ukiona maji ndani, mara nyingi sio kwamba mpira umekufa, ni kwamba trei imejaa na maji hayana pa kwenda.

Mi nlijifunza kwa uchungu. Nina gari, Subaru Forester, ilikua inalala chini ya mwarobaini, kivuli kizuri kabisa, na vile vijani vyembamba vya mwarobaini vinaingia kila mahali. Masika ilipoanza, asubuhi moja nashuka mteremko, nafunga breki, maji yanamwagika kutoka kwenye taa ya ndani pale juu ya kioo cha kujitazamia, sio matone, ni kama mtu kamimina kikombe. Nikaenda kwa fundi, akaniambia mpira umechoka, akazungushia silikoni ile ya madirisha ya aluminiamu pembe zote, nikalipa nikaondoka. Wiki mbili baadae kapeti la nyuma limelowa chapachapa na gari linanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Silikoni ilikua imeziba mpaka matundu mawili ya nyuma. Halafu zile silikoni zinazonuka siki zinakula bati, nlipokuja kuibandua nlikuta chini yake kutu imeshaanza. Kwahiyo naomba sana, yeyote akija na silikoni kwenye sanrufu yako mwambie asante, hapana.

Kabla hujafungua chochote hakikisha kwanza ni sanrufu kweli. Maji kwenye miguu ya abiria wa mbele wakati mvua haijanyesha wiki nzima na umetumia AC, hiyo ni mrija wa AC umeziba, ishu nyingine kabisa. Maji chini ya mlango baada ya mvua inaweza kua ile nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango imebanduka. Sanrufu dalili zake ziko juu: silingi (kile kitambaa cha ndani ya paa) ina alama ya maji ya rangi ya chai, taa ya ndani inatona, mkono wa kushikilia juu ya mlango unatona, au ukishika plastiki ya nguzo ya mbele unakuta ubichi. Na angalia gari ilikua imelalaje. Kama ilipaki pua imeinama na maji yametokea mbele, shuku mirija ya mbele, kama ilipaki imeinua pua na buti ndo lenye maji, shuku ya nyuma.

Haya sasa fungua sanrufu yote, simama kwenye kizingiti cha mlango au panda kistuli, chungulia kwenye kona. Utaona tundu dogo tu kama la kalamu. Utakachokuta humo ni tope jeusi, vijani, mbegu, mi nlitoa hadi bawa la mende. Chota kwa kijiti na kitambaa kibichi, usisukumize ndani. Ukishasafisha trei chukua maji kama nusu lita kwenye chupa, mimina taratibu kwenye kona moja, halafu mwenzio awe chini anaangalia. Mirija ya mbele kwa kawaida inatokea karibu na bawaba za mlango wa mbele au nyuma ya fenda, ya nyuma inatokea karibu na tairi la nyuma au nyuma ya bampa. Maji yakitoka haraka na kwa wingi, kona hiyo nzima. Yakitoka kwa kudondoka tone tone, imeziba nusu. Yakisimama kwenye trei, imeziba. Yakipotea na chini hayaonekani, acha hapo hapo usiendelee kumimina, mrija umechomoka na hayo maji unajimwagia mwenyewe ndani ya silingi.

Kuzibua, kitu kizuri kuliko vyote ni ile kamba ya nailoni ya mashine ya kufyekea nyasi, nene kama milimita 2, kata mita mbili hivi. Ncha yake ichome kidogo kwa kiberiti mpaka iyeyuke ifanye kichwa cha mviringo, iache ipoe, ndo uingize. Ukiigusa kwa kidole isikukwaruze. Isukume pole pole huku unaizungusha, ukifika pagumu usilazimishe, rudisha kidogo, zungusha, endelea. Waya wa hanga au waya wa breki ya baiskeli usiguse, ncha yake inatoboa mrija ndani ya nguzo na hapo kazi ya nusu saa inageuka kazi ya siku mbili. Na kompresa ya kujazia upepo matairi nayo hapana, najua ndo wengi wanafanya, ila ule upepo una nguvu ya kutosha kuchomoa mrija kwenye trei, maji yanaanza kuingia kwenye silingi na wewe unajua umeshatengeneza. Kama unataka upepo tumia pampu ya baiskeli, au sirinji kubwa ya maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, unasukuma taratibu. Mwisho wa mrija huko chini magari mengi yana kidude cha mpira chenye mdomo uliobana, kipo kuzuia vumbi na wadudu wasipande, na kwa barabara zetu za vumbi hicho ndo kinaziba kuliko sehemu yote. Kifinye kwa vidole, tope litoke.

Kama mrija umechomoka juu, hapo inabidi kushusha kona ya silingi: toa kikinga jua, mkono wa kushikilia, plastiki ya nguzo. Gari nyingi za siku hizi zina eabegi (mifuko ya upepo ya ajali) ndani ya hizo nguzo na pembeni ya silingi, kwahiyo toa waya wa hasi wa betri, subiri dakika kumi ndo uanze, na kama hujawahi kufungua hizo plastiki mpe fundi anaejua, hapa sio pa kujifunzia. Mrija ukirudishwa uingie mpaka ukome, sentimita moja na zaidi, ubanwe na kiklipu.

Sasa mpira wenyewe. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo kidogo, mswaki wa zamani ule laini unafaa sana kwenye mikunjo. Ukishafuta ukakauka upitie wote kwa kidole, taratibu, kona hasa. Bonyeza kwa ukucha: mpira mzima unarudi juu hapo hapo, uliochoka unabaki na alama. Angalia nyufa ndogo ndogo, angalia ulipolala bapa. Halafu chukua karatasi, iweke kwenye ukingo, funga kioo, ivute. Inatakiwa ikatae kidogo. Fanya hivyo kila baada ya kiganja kimoja kuzunguka kioo chote, pale inapochomoka bila kukataa ndo pana shida.

Mpira mzima unapakwa grisi ya silikoni, ile safi nyeupe ya mipira (sio silikoni ya kuziba, msichanganye), kidogo sana kwa kitambaa, ung'ae tu usiachie mafuta kidoleni. Mi napaka mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, ukiwa Tanga, Mombasa au Zanzibar kwenye chumvi ya bahari na jua lile bora upake kila miezi mitatu. Usipake vaselini, wala grisi ya bearing, wala dizeli, hata kama inang'arisha vizuri siku ya kwanza. Vyote hivyo vinatokana na mafuta ghafi ya petroli, na vinauvimbisha mpira wa aina hii, unalegea, halafu unaanza kunyofoka.

Kabla hujanunua mpira mpya angalia kioo kimekaaje, maana mara nyingi kioo kimeshuka tu. Pitisha kiganja kutoka kwenye bati la paa kwenda kwenye kioo. Ukingo wa mbele uwe sawa na bati au chini yake kwa kama milimita 1, ukingo wa nyuma uwe sawa au juu kwa kama milimita 1, ili upepo upite juu bila kukikamata. Kinarekebishwa na skurubu za pembeni unazoziona ukivuta kile kifuniko cha ndani na kutoa plastiki zake. Weka alama kwa kalamu zilipo kabla hujalegeza, legeza robo tu, sogeza, kaza, pima tena. Zile kelele za upepo ukifika 80 mara nyingi zinaishia hapa hapa.

Mpira ukiwa umekufa kweli, agiza mpya kwa chesisi namba, usikubali wa kukata kwa mita. Wa gari la kuchinjwa nao umri wake ni ule ule wa wako. Baadhi ya magari mpira unauzwa pamoja na kioo, ulizia kwanza. Piga picha ya mpira wa zamani uone kiungo (pale ncha mbili za mpira zinapokutana) kilikaa wapi, gari nyingi kinakaa nyuma, na mpya ukae hivyo hivyo. Kioo kitolewe na watu wawili, ni kizito, tandika blanketi kwenye siti. Na ukiwa unauvisha usiuvute hata kidogo, usukume tu kama unaurudisha kwenye kiungo, maana mpira uliovutwa utakua mzuri leo, baada ya wiki mbili za jua unajirudi na kuacha mwanya.

Reli ambazo kioo kinatelezea, futa grisi ya zamani yenye mchanga mpaka kitambaa kitoke safi, ndo uweke mpya kidogo. Zile moldingi nyeusi za juu ya paa zikibanduka ncha, safisha chini yake kwa spiriti, weka tepu ya pande mbili ya magari, bana kwa mkono. Kutu ukiikuta chini yake usiifunike, piga msasa, praima, rangi, ikauke siku nzima.

Kapeti lililolowa usilikaushe kwa juu juu. Chini yake kuna sponji inayoshika maji wiki nzima, na kwenye magari mengi kuna waya na kompyuta chini ya siti. Toa siti, nyanyua kapeti, weka kitu chini yake hewa ipite, acha milango wazi juani siku mbili tatu.

Ukirudisha betri, sanrufu inaweza kugoma kujifunga kwa mbonyezo mmoja. Haijafa, imesahau tu mwisho wake ni wapi. Gari nyingi unabonyeza swichi ya kufunga unaishikilia bila kuachia, sekunde kumi au zaidi, mpaka kioo kijisogeze chenyewe kisimame, ila angalia kitabu cha gari lako maana kuna zinazotaka ushikilie ya kuinua. Ikishakubali mwagia maji ya bomba yasiyo na presha juu ya paa dakika tano, halafu ingia ndani upapase silingi kona zote nne kwa mkono mkavu.