Ukijigonga pasugue
Jamani ukijigonga kiwiko au ugoko kwenye kona ya meza usibaki unaruka ruka tu, pasugue na kiganja hapo hapo. Ina sababu kabisa, neva zinazobeba habari ya mguso ni nene na zina spidi, zaidi ya mita 30 kwa sekunde, ila yale maumivu ya kuvuta yanayokuja baadae yanapita kwenye vinyuzi vyembamba mita 1 hivi kwa sekunde, sasa vyote vinakutana kwenye uti wa mgongo na ule mguso unabana njia ya maumivu kwenda kwa ubongo. Wanasayansi wa maumivu, Melzack na Wall, waliieleza hii mwaka 1965. Ila kama pamechanika au mfupa umevunjika usiguse.