Jinsi ya kuacha msokoto wa bangi uliochanganywa na tumbaku

Wadau wa Mbeya na Iringa, kuna mtu anakwambia "mi sivuti fegi (sigara), navuta msuba (bangi) tu", alafu ukimwangalia anavyosokota unakuta kapasua sigara kamwagia humo humo. Ndugu yangu, hapo unavuta fegi. Na mara nyingi ile hamu inayorudi baada ya masaa machache ni nikotini inadai, ndo maana misokoto inaongezeka na we huelewi kwa nini.

Kwa hiyo usiache kimoja ukabaki na kingine, maana ukiacha bangi peke yake unaweza kuzidisha sigara, na ukiacha fegi huku bado unachanganya tumbaku basi hujaacha kitu. Panga siku, acha vyote, tupa karatasi za kusokotea na vile vipisi vilivyobaki kwenye mifuko ya koti.

Siku 2 au 3 za mwanzo nikotini ndo inabana kweli, hasira juu, akili haitulii. Arosto ya bangi, yaani mwili kuidai baada ya kuacha, inakuja usiku, jasho, ndoto za ajabu, usingizi unaweza kusumbua wiki kadhaa, usikate tamaa. Pengo usilizibe na pombe, iwe ulanzi au komoni.

Na hiyo ya "navuta nipate joto" si kweli, nikotini inabana mishipa ya damu, vidole vinazidi kupoa, bora uji wa moto.

Ukianza kusikia sauti au kuwaza kujidhuru usingoje, nenda hospitali ya rufaa, omba huduma ya afya ya akili na useme wazi kwamba ulikuwa unachanganya vyote viwili.