Mnataka kukarabati kanisa la zamani hapa Dar? Anzeni na makaratasi kabla ya fundi

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya ujenzi ya kanisa moja la zamani upande wa baharini hapa mjini, jina nalihifadhi, na tulichokifanya mwanzoni ni kichekesho kitupu: tulifanya harambee, tukamwita fundi, tukashusha simenti, halafu ndo mama mmoja akauliza kikaoni, jamani hivi tuna kibali? Kimya. Kwa hiyo naandika hapa ule mpangilio ambao tungeufuata tungekuwa na akili ya sasa hivi.

Cha kwanza tafuta mwaka wa jengo. Usiandike tu "enzi za Mjerumani", tafuta mwaka, uko kwenye jiwe la msingi, kwenye vitabu vya ubatizo au kumbukumbu za dayosisi. Mwaka una maana sana kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863, na hapo ndo watu wanashtuka, maana Dar yenyewe Sultani Majid alianza kuijenga miaka hiyo hiyo ya 1860, na makanisa yetu makubwa kama Azania Front na St. Joseph yalianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Yani kanisa lina zaidi ya miaka 100 na bado umri wake peke yake haulilindi. Jengo la baada ya 1863 linalindwa na sheria hiyo pale waziri anapolitangaza kwenye Gazeti la Serikali.

Sasa mtajuaje kama lenu limetangazwa? Msiulize kwa mdomo. Andikeni barua Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, wekeni namba ya kiwanja na kitalu, mwaka, picha za pande zote, na mkae na majibu ya maandishi kwenye faili. Kama limetangazwa basi hakuna kubomoa, kuongeza wala kubadilisha bila ruhusa ya Idara. Kama halijatangazwa msishangilie mapema, kwa sababu Sheria ya Mipangomiji ya 2007 nayo inaipa mamlaka ya mipango nguvu ya kuhifadhi majengo yenye thamani ya kihistoria au ya usanifu, na kibali cha ujenzi mnakihitaji vilevile.

Kuna ndugu yetu mmoja aliprinti mwongozo wa Uingereza akaja nao kikaoni, anasema baba askofu akisaini imetosha. Ukweli ni kwamba kule Kanisa la Uingereza lina utaratibu wake, mahakama ya dayosisi ndo inatoa ruhusa ya kugusa kanisa, na kwa hiyo wanasamehewa ile ruhusa ya serikali ya majengo ya kihistoria. Lakini hata wao wakitaka kuongeza chumba nje wanaomba kibali cha mipango miji kama watu wengine. Hapa kwetu barua ya askofu ni ya ndani ya kanisa, Jiji linataka ya kwake.

Halafu hati. Hili lilitupotezea muda kuliko yote. Kiwanja sio cha usharika wala parokia, mara nyingi kiko kwa jina la Bodi ya Wadhamini waliosajiliwa, kwa hiyo mchungaji wenu au paroko hawezi tu kuomba kibali kwa jina la kanisa la mtaani. Pateni barua ya wadhamini mapema, na kodi ya ardhi iwe imelipwa, risiti mkononi.

Michoro ifanywe na mbunifu majengo aliyesajiliwa na AQRB, ile Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, sio kijana wa kanisani anayejua kompyuta (namheshimu sana lakini hapana). Kwanza apime jengo lilivyo sasa, ndo achore mnachotaka, na kwenye mchoro ionekane wazi kipi kinabaki, kipi kinatoka, kipi ni kipya. Kama hamjui mbunifu mwenye mkono wa majengo ya zamani nendeni Old Boma pale Sokoine Drive, kuna kituo cha urithi wa usanifu cha DARCH, na jengo lenyewe la miaka ya 1860 ni darasa tosha. Vyote vikikamilika mnapeleka Halmashauri ya Jiji kama mko Ilala, wengine manispaa zenu. Mkianza kabla ya kibali, mtakuta X nyekundu ukutani Jumatatu asubuhi, na kuifuta kwenye ukuta wa chokaa ni kazi nyingine.

Mbunifu wetu alitufundisha kitu kimoja nikakipenda, kila mnachoongeza kiwe kinaweza kutolewa baadae bila kuacha kidonda. Spika zifungwe kwenye mbao, zisitobolewe kwenye nguzo. Njia ya wenye viti vya magurudumu iegemee tu ngazi, isizizike. Jipsamu juu ya kenchi za zamani mimi siipendi kabisa, inaficha mchwa na mvujo mpaka siku dari linapowashukia. Na fremu za biashara kuzunguka kanisa, najua zinaleta hela, ila mkizibandika kwenye ukuta wa jengo lenyewe hapo mnatafuta ugomvi na kila ofisi.

Sasa simenti. Kuta nyingi za zamani hapa pwani ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, zinanyonya unyevu na kuutoa. Ukizipiga lipu ya simenti na rangi ya plastiki juu yake unyevu unakwama ndani na chumvi inaganda nyuma ya lipu. Fundi wetu aliniambia "mzee, hii chokaa imekufa, tuweke simenti moja kwa moja", tukamkubalia ukuta mmoja. Baada ya masika mbili ukiugonga kwa vidole unasikia mlio wa debe tupu, nikachokonoa kwa funguo kikatoka kipande kikubwa kama sahani, nyuma yake unga mweupe, na jiwe lenyewe linamomonyoka kama sukari guru. Tumelipa mara mbili. Lipu ya chokaa ni kama sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, mchanga wa mtoni uliooshwa sio wa baharini, unapaka matabaka membamba, unafunika na magunia yenye maji siku kadhaa isikauke na jua. Jaribuni kwanza kona moja iliyojificha.

Milango nayo mkae nayo macho. Sheria ileile ya Mambo ya Kale inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa hapa kwetu kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940, hata kama jengo lenyewe halijatangazwa. Kwa hiyo kama mna mlango wa nakshi na dalali anawaambia "huo umechakaa wazee, nawapa wa kisasa na hela juu", mwambieni akauze kwingine. Pigeni picha kila mlango, dirisha na kengele kabla mkandarasi hajaingia, mbele yake, na asaini idadi. Sisi tulihesabu bawaba za shaba 14 zikitoka kwenda kusafishwa, zilirudi 11, na mkataba ulikuwa haujataja bawaba popote.