Jinsi ya kusoma Biblia bila kuigeuza fimbo ya kuwachapia watu

Najua wengi wameshapigwa na mstari mmoja wa Biblia mpaka wakaacha kabisa kuifungua, na inaniuma sana, maana kitabu chenyewe kina upana kuliko hao wanaokitumia hivyo.

Anzia Mathayo 22:37-40. Yesu kaulizwa amri ipi ni kuu, kajibu mpende Mungu na mpende jirani yako kama nafsi yako, halafu kasema torati yote na manabii vinategemea hizo mbili. Basi hiyo ndo mizani yako, kila unachosoma kipime hapo. Na wala si mambo ya kisasa, Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, aliandika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kwamba ukidhani umeyaelewa Maandiko lakini ulivyoelewa hakukujengi kwenye upendo huo, bado hujaelewa.

Halafu usikatie njiani. Watu wanapenda mwisho wa Warumi 1, ile orodha ndefu ya madhambi, wanafunga kitabu hapo, ila Paulo aliyeandika barua hiyo hakugawa sura, sura zimewekwa karne ya 13 huko, kwa hiyo endelea tu mbele, mstari unaofuata unasema wewe uhukumuye huna udhuru. Orodha yote ile ilikuwa inakuelekea wewe msomaji!

Pia angalia Biblia inavyojijibu yenyewe, mimi hapa ndo napapenda zaidi. Kumbukumbu la Torati 23:1 inamzuia towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, asiingie kwenye mkutano wa Bwana. Nenda Isaya 56, Mungu anawaahidi matowashi hao hao nafasi ndani ya nyumba yake na jina lililo bora kuliko wana na binti. Kisha Matendo 8, towashi Mwethiopia yuko kwenye gari la farasi anasoma Isaya, anafika kwenye maji anamuuliza Filipo, mhubiri aliyekuwa naye, nini kinamzuia asibatizwe, na Filipo hakumtolea ile sheria ya zamani, kashuka naye majini kambatiza. Ukisoma ule mstari wa kwanza peke yake utamfukuza mtu ambaye Mungu alishamwita.

Sodoma nayo, ule mji ulioteketezwa, kabla hujamtupia mtu jina lake, soma Ezekieli 16:49, inataja dhambi za mji huo: kiburi, shibe na kutowasaidia maskini. Mstari wa 50 unataja machukizo, usiufiche, lakini na huo wa 49 usiuruke.

Ukikutana na maneno makali uliza anaambiwa nani. Mathayo 23 Yesu anawaka kweli, ila anawawakia viongozi wa dini wanaowatwika watu mizigo mizito.

Mwisho, usisome peke yako siku zote. Mtafute mtu ambaye mstari huo ulishatumika kumuumiza, kaa naye muusome pamoja, na umwache yeye aanze kuongea.