Namna ya Kufuatilia Ruzuku ya Shule ya Msingi Hadi Bungeni

Anza na hesabu, si malalamiko. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi za serikali nchini Tanzania imekuwa ikikokotolewa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na 4,000 huzuiliwa kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 800, basi, hutarajia akauntini shilingi 400,000 kwa mwezi (6,000 mara 800, ugawe kwa miezi 12). Mwombe mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wa kamati ya shule, taarifa ya benki ya miezi mitatu, kisha uilinganishe na mapato na matumizi yaliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ukikuta ubaoni karatasi ya mwaka juzi iliyopauka kwa jua, hilo nalo liandike.

Fedha ambazo hazikufika ni swali la serikali kuu. Zilizofika zikatumika kinyume ni swali la shule na halmashauri, ambayo afisa masuuli wake, yaani anayewajibika kwa fedha zake, ni mkurugenzi. Wengi huchanganya mambo haya mawili, na ndiyo maana majibu wanayopewa huzunguka. Mwandikie diwani ukitaja mwezi na kiasi, kwa kuwa Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka na ajenda zake ni nyingi.

Ngazi inayofuata ni ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba humkabidhi Rais ripoti, na ripoti hiyo huwasilishwa Bungeni, kwa kawaida mwezi Aprili. Tafuta halmashauri yako humo, wala usiridhike na hati inayoridhisha, yaani maoni mazuri ya mkaguzi: hati hiyo husema kwamba hesabu zimeandaliwa ipasavyo, haisemi kwamba madawati yamenunuliwa. Pitia zaidi sehemu ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Hoja ya ukaguzi inayohusu shule ikiwa bado "inaendelea kutekelezwa" kwa mwaka wa tatu, toa nakala ya ukurasa huo, umpelekee mbunge wako kabla Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa haijamwita mkurugenzi kujieleza.