Kiuno kilichoshikwa na bobini

Wengi hudhani mgongo wa fundi cherehani huharibiwa na majora ya vitambaa. Wangu ulishikwa na bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini wa cherehani. Ilidondoka chini ya meza asubuhi moja, nikainama bila kutoka kitini, nikajipinda kidogo upande wa kulia ili niifikie, na hapo hapo kitu kikanichoma juu ya kalio kama sindano ya kushonea magunia. Kunyooka sikuweza. Mwanafunzi wangu alivuta kiti nikashuka sakafuni kwa magoti, nikabaki nimeshika mguu wa meza kama mtoto anayejifunza kusimama.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Zikafuata nyingine tatu kabla sijaacha ubishi. Sasa karibu kila wiki anakuja mtu kupimwa nguo huku mkono uko kiunoni, nami narudia maneno yaleyale, basi nimeona niyaandike. Mimi si daktari. Haya nimeyapata kwa daktari, kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, aliyenifundisha upya kuinuka kitandani, na kwa kusoma usiku nilipokosa usingizi.

Kinachouma ni nini hasa

Uti wa mgongo una pingili 33: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua, 5 za kiuno, kisha 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja kati ya nyonga, na za mwisho, kwa kawaida 4, zilizoungana kuwa kifandugu. Zile 5 za kiuno ndizo nene kuliko zote kwa sababu zinabeba kiwiliwili kizima, na malalamiko mengi hutoka hapo. Kati ya pingili na pingili kuna diski: nje nyuzi ngumu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, ndani ute mzito. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Hulishwa kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo. Ukikaa saa nne bila kusogea, sifongo hiyo umeibana tu, hujaiachia.

Lakini usikimbilie kusema diski yako imechomoka. Katika kila watu 10 wenye maumivu ya kiuno, karibu 9 hawaonekani na chanzo kimoja cha kunyooshewa kidole: hakuna mfupa uliovunjika, hakuna uvimbe, hakuna maambukizi. Ni misuli, kano na viungo vidogo vimelalamika kwa pamoja. Nilipoambiwa hivyo nilikasirika. Nilitaka jina la ugonjwa, nilitaka picha. Daktari akaniambia kwamba hata wakipigwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili, watu wasioumwa popote, wa umri wa miaka 20 wapatao 30 katika kila 100 huonekana na diski iliyotuna, na wa miaka 80 hufika 84. Ni kama mvi za ndani. Ukionyeshwa picha hiyo siku unayoumwa, utaondoka umeshika ukuta, nawe ulikuwa nayo tangu mwaka jana ukicheza ngoma.

Hali ni tofauti kidogo maumivu yakishuka kutoka kalioni, yakapita goti hadi wayoni, pamoja na ganzi au vidole kuchomwachomwa. Hapo huenda diski imebana mzizi wa neva, na mara nyingi ni kwenye nafasi mbili za chini kabisa za kiuno. Hata hivyo wengi wao hupata nafuu bila kisu, kwa wiki au miezi.

Usisubiri kama unaona haya

Nenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku, ukipata ganzi sehemu za siri na pale unapokalia tandiko la baiskeli, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila habari yako, haja kubwa ikikuponyoka, au miguu ikiishiwa nguvu. Huko ni kubanwa kwa fungu la neva mwishoni mwa uti wa mgongo, na saa zinahesabika. Muone daktari mapema pia kama una homa, unakonda bila sababu, umewahi kuugua saratani, umeanguka au kupata ajali, unatumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, au maumivu hayapoi hata ukilala chali na yanazidi usiku. Kifua kikuu nacho huweza kushambulia pingili, kwa hiyo kikohozi cha muda mrefu na jasho la usiku usivifiche.

Siku tatu za mwanzo

Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Mara ya kwanza nililala siku sita kama nilivyoshauriwa na kila aliyekuja kuniona. Siku ya saba nilikuwa mgumu kuliko siku ya kwanza. Utafiti uliofanyika Ufini na kuchapishwa mwaka 1995 uliwagawa watu mafungu: walioagizwa kulala siku mbili, waliofanya mazoezi ya mgongo, na walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza. Hao wa mwisho ndio waliopona haraka. Kwa hiyo pumzika saa chache, si siku nzima nzima.

Pozi lililonisaidia ni hili: lala chali sakafuni juu ya mkeka, weka miguu kwenye kiti ili magoti yakunjike kama pembe ya meza. Kaa dakika 10, pumua taratibu. Kisha usijikurupushe kuinuka na kichwa kwanza. Kunja magoti, jiviringishe hadi ulale ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja, jisukume kwa kiganja na kiwiko. Kitandani ni vivyo hivyo, ila miguu inateremka wakati mikono inakusukuma juu. Baada ya hapo tembea ndani ya nyumba dakika tano, ukirudia kila unapokumbuka. Itauma. Maumivu yakiongezeka kidogo kisha yakatulia, hujajiharibu. Yakizidi na kubaki hadi kesho yake, punguza.

Joto husaidia misuli iliyokaza: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20. Ukiweka bila kitambaa utapata lengelenge, na hilo nalijua kwa ngozi yangu.

Kuhusu dawa nitasema machache. Parasetamoli, katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2014, haikuvishinda vidonge visivyo na dawa ndani kwa maumivu mapya ya kiuno. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza kiasi, lakini mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au mimba asizimeze kabla ya kuuliza. Dawa kali za jamii ya afyuni ziache kabisa isipokuwa daktari ana sababu ya kukupa. Na usichanganye aina mbili kwa sababu tu jirani alipona nazo.

Yakitulia ndipo kazi inaanza

Watu wengi huacha kila kitu siku maumivu yanapoondoka. Nami niliacha, mara tatu.

Cha kwanza ni kutembea. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa watu 701 waliokuwa wamepona kiuno karibuni. Waliopewa mpango wa kutembea, wakiongeza kidogo kidogo hadi dakika 30 mara tano kwa wiki, walikaa kwa wastani wa kati siku 208 kabla ya kuumwa tena; wengine walikaa siku 112. Niliposoma hivyo nilianza na dakika 10 baada ya kufunga kazi, nimevaa viatu vya kawaida tu.

Mazoezi mengine nafanya matatu, asubuhi, lakini si mara tu ninapoamka. Nasubiri mwili upate joto. Nalala chali magoti yamekunjwa, nainua nyonga hadi mapaja na kifua vifanye mstari mmoja, nahesabu tano, nashusha: mara 10. Kisha napiga magoti na viganja, nanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma bila kiuno kubonyea, nabadilisha. La mwisho nalala ubavu nikiegemea kiwiko na goti, nainua nyonga kutoka sakafuni kwa sekunde 10 kila upande. Mwezi wa kwanza sekunde 10 zilikuwa ndefu kuliko foleni ya benki.

Kiti, meza na mikao

Nilitumia fedha kwenye kiti cha kunyoosha mgongo. Kiti ni kizuri, lakini nikikaa humo saa tatu kiuno kinauma vilevile. Hakuna mkao mtakatifu. Mkao wowote unaochukua saa nzima ni mbaya, hata ule wa kwenye picha za mafunzo. Kwa hiyo nimepanga kazi inilazimishe kusimama: pasi iko upande wa pili wa chumba, mkasi mkubwa umetundikwa ukutani, na nikimaliza mshono mmoja naenda kuupiga pasi badala ya kurundika mishono 10. Mwenye kazi ya kompyuta anaweza kuweka maji ya kunywa mbali na anapokaa.

Meza ya kukatia niliiinua kwa matofali hadi ikafika chini kidogo ya viwiko vyangu. Hilo peke yake lilinisaidia kuliko mkanda wa kiuno niliokuwa nikiuvaa kama fulana. Mikanda hiyo haizuii maumivu, iache. Godoro nalo lisiwe jiwe: lenye ugumu wa wastani limeonekana kuwa bora kuliko gumu sana.

Jora la kitambaa nalikumbatia karibu na tumbo kabla ya kuinuka, nakunja nyonga na magoti, na nikitaka kugeuka nageuza miguu, si kiuno. Asubuhi ninapoamka sibebi kitu kizito nusu saa ya kwanza, kwa sababu diski hunyonya maji usiku na mgongo huwa mgumu kukunjika.

Maumivu yakizidi wiki 12 huitwa sugu, na hapo usibaki peke yako na mkeka wako. Mtafute mtaalamu wa fiziotherapia, mweleze pia usingizi wako na wasiwasi wako, maana mtu asiyelala huumwa zaidi. Mimi mwaka ule nilikuwa na deni la mashine, na sidhani kiuno hakikulijua.

Bobini bado zinadondoka. Siku hizi nasukuma kiti nyuma, nasimama, napiga goti moja chini, naiokota.