Mtoto Anayetaka Kuishi kwa Dansi: Afunzwe Nini, na Lini

Usaili wa kundi la dansi hauchelewi kumjua mtu. Mwalimu anaonyesha mfululizo wa nane nne, yaani hatua za hesabu ya moja hadi nane zikirudiwa mara nne, anauonyesha mara mbili tu, anasogea pembeni na kusema "haya, muziki." Aliyefunzwa vizuri utotoni ameshazinasa hatua, anajua uzito uko mguu upi, na akiambiwa azirudie kwa kushoto habahatishi. Mwenye kipaji aliyejifunza kwa kuiga video chumbani bado anaitafuta hatua ya tatu. Pengo hilo halizibwi wiki ya usaili. Linazibwa kati ya miaka 6 na 18, na kinachokosewa zaidi si wingi wa mazoezi bali mpangilio wake.

Miaka 6 hadi 9: sikio na kumbukumbu

Kipindi kimoja au viwili kwa wiki, dakika 45 hadi 60, vinatosha. Umri huu si wa kumkalisha msamba mtoto wala kumkandamiza mgongo ili "alainike". Mfundishe mdundo: miguu itembee mbili huku mikono ikipiga makofi matatu ndani ya muda uleule. Mtoto aliyezoea ngoma za kwao, iwe sindimba ya Wamakonde au isukuti ya Waluhya, huja na mtaji hapa, maana sikio lake limeshazoea midundo miwili kwa pamoja. Msimwondolee mtaji huo kwa kumwambia dansi "halisi" ni ile ya kwenye runinga.

Kumbukumbu ifundishwe kwa mchezo wa mnyororo. Wa kwanza anatoa hatua moja, wa pili anairudia na kuongeza yake, na kuendelea hivyo. Mkifika hatua nane, zichezeni tena mkianzia kushoto. Dakika kumi kila kipindi, na hapo ndipo uwezo wa kunasa haraka unapojengwa.

Miaka 10 hadi 14: hapa ndipo wengi huharibikiwa

Kanuni rahisi ya muda: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto, na siku moja nzima iwe ya mapumziko. Mwenye miaka 11 asivuke saa 11, ukijumlisha na mazoezi ya tamasha la shule.

Kisha weka alama ya urefu wake kwenye fremu ya mlango kila baada ya miezi mitatu. Akiongezeka sentimita 2 au zaidi kati ya alama mbili, yuko kwenye kipindi cha kurefuka kwa kasi. Wasichana hukifikia mapema, mara nyingi karibu na miaka 11 au 12, wavulana karibu na 13 au 14. Mifupa hutangulia, misuli na kano hufuata nyuma zikiwa zimevutwa. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa laini anakakamaa, anayumba kwenye mizunguko, na anaanza kulalamika maumivu chini kidogo ya goti au nyuma ya kisigino. Mwalimu asiyejua humwita mvivu na kumwongezea miruko. Fanya kinyume: punguza miruko na kuchuchumaa kwa kina, ongeza kazi ya tumbo, mgongo, mikono, mdundo na kucheza chini sakafuni. Wepesi wake utarudi. Maumivu yakimfanya achechemee, apumzike na apelekwe kwa mtaalamu wa viungo.

Kosa la pili linaonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Katika baleti, na mitindo mingi iliyotokana nayo, miguu hugeuzwa nje, na mgeuko huo unapaswa kutoka nyongani. Mtoto akitaka kumfurahisha mwalimu hugeuza nyayo tu. Mwambie akunje magoti taratibu, wewe simama mbele yake. Goti likishuka juu ya kidole cha pili cha mguu, yuko sawa. Likiangukia ndani, na upinde wa wayo ukilala sakafuni, amegeuza zaidi ya nyonga zake zinavyoruhusu, na goti ndilo linalobeba deni hilo. Rudisha nyayo ndani mpaka goti likae mahali pake, hata kama pozi litakuwa la kawaida tu.

Viatu vya kusimamia ncha za vidole visiwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Avivae akiwa na angalau miaka mitatu ya mafunzo ya mfululizo, mara nyingi kuanzia miaka 11 au 12, na akifaulu mambo mawili: akinyoosha wayo, mgongo wa mguu ulingane mstari mmoja na muundi; na akisimama kwa mguu mmoja aweze kunyanyua kisigino mara 20, goti limenyooka, kifundo hakiyumbi. Akiishia 12, arudi kwenye mazoezi.

Sakafu nayo ni mwalimu. Kumbi nyingi zetu ni za saruji, na saruji iliyotandikwa kapeti au vigae bado ni saruji: haimezi kishindo, inakirudisha kwenye muundi. Fundi wa kawaida anaweza kutengeneza sakafu yenye mneso, yaani inayobonyea kidogo na kurudi: vipande vya sponji ngumu vya unene wa sentimita 2.5, vipangwe kila sentimita 30. Juu yake tabaka mbili za plaiwudi ya milimita 12, maungio ya tabaka la juu yasikutane na ya chini. Kama fedha hakuna, hamishia miruko uwanjani kwenye majani, ukumbini mfanye kazi nyingine.

Miaka 15 hadi 18: uchaguzi

Kila mtindo una umri wake. Baleti huita mapema: shindano la Prix de Lausanne, ambalo ni mlango wa shule na makundi makubwa, hupokea wa miaka 15 hadi 18. Dansi ya kisasa na hip-hop zinamvumilia anayeanza akiwa na 16, alimradi sikio lipo. Kwa hiyo usimkatie tamaa aliyechelewa, mbadilishie njia.

Achague mtindo mmoja mkuu na mwingine ulio mbali nao. Mnenguaji wa sebene ajifunze kucheza chini sakafuni. Wa baleti ajifunze kushusha uzito ardhini kama kwenye ngoma. Kazi inataka pia kubuni. Wabunifu wa dansi Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen walipoanzisha kundi la Gàara jijini Nairobi mwaka 1997, dansi yao haikuwa ya kuiga hatua za mtu. Kila kipindi kiwe na dakika tatu za kubuni chini ya sharti moja: mkono wa kulia usitumike, au miguu isiondoke sakafuni. Baada ya sekondari, wapo wanaoendelea na chuo kama TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo nchini Tanzania, ambako dansi husomwa pamoja na ngoma na maigizo.

Chakula kisichezewe. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mboga za majani, maharage. Msichana akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, chakula hakitoshelezi mazoezi, au kuna jambo jingine la kuangaliwa na daktari. Si dalili ya "kuwa fiti". Na mwalimu anayepima watoto uzito mbele ya wenzao atafutiwe mbadala.

Akifika 17, arekodi video ya dakika 2 hadi 3. Simu ilale kimlalo juu ya stuli, kimo cha kiuno, mwili mzima uonekane na sakafu chini ya nyayo, bila kukata wala kuongeza kasi. Hatua bora ziwe sekunde 20 za mwanzo. Faili liandikwe jina lake, mtindo na mwaka, maana anayepokea video mia moja hafungui VID_0034.